BARIADI: MCHANGA NI WA BURE, IMANI INA GHARAMA

Msomaji wangu, hali ngumu hapa kwetu ina majina mengi. Baba zetu waliokuwa vijana enzi za Mzee Mkapa waliita "ukapa". Sisi tuliokua enzi za Magufuli tukasema "vyuma vimekaza". Jina linabadilika, mfuko ni uleule mtupu. Na kila vyuma vikikaza, makanisa ya mjini yanajaa. Kijana aliyekuwa hajui hata ibada inaanza saa ngapi, utamkuta mstari wa mbele, macho kafumba, mikono juu, anaomba ajira, nyumba na mchumba, na ikiwezekana vyote vifike kabla ya mwisho wa mwezi. Siku hizi ukimwona mshikaji kafunga siku tatu, usikimbilie kumsifu. Muulize kwanza kafunga kwa imani au kafunga kwa kukosa!

Sasa swali langu la wiki hii ni hili: na visipokuja? Mwezi ukaisha, ajira hakuna, mchumba naye kaolewa na mwenye gari, je, Jumapili inayofuata utarudi? Jibu la swali hili nimeona tusilitafute kwenye spika kubwa za mjini. Twende tukalitafute mahali ambapo hela huja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine haiji. Twende Bariadi.

Najua wengi mkisikia Bariadi mnamkumbuka Mzee John Cheyo wa UDP, yule aliyegombea urais mwaka 1995 na kubandikwa jina la Bwana Mapesa. Naam, ndiko kwao huko. Lakini mapesa yenyewe, bwana wee, ni habari nyingine.

NJIA YA KUELEKEA HUKO

Ukitoka Mwanza unashika barabara ya Musoma. Unapita Kisesa, ambako kushoto kwako kuna Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma na kanisa lililojengwa kwa umbo la duara kama msonge wa Kisukuma. Aliyeanzisha mambo hayo ni Padri David Clement, Mzungu wa Kanada aliyeamua kwamba Msukuma anaweza kumwabudu Mungu na ngoma yake mkononi. Mbele yake unavuka daraja la Mto Simiyu, mto uliouzaa mkoa jina. Ukipita kiangazi, chungulia chini. Utaona mchanga mtupu, na watu wanachimba vishimo humohumo mtoni wakisubiri maji yajikusanye, kisha wanachota kwa kata, taratibu. Huo mchanga uweke akilini. Tutauhitaji baadaye.

Baada ya Magu na Nyashimo unafika Lamadi, mji mdogo wenye kelele kubwa. Ukinyoosha mbele unakwenda getini Serengeti na Musoma. Sisi tunakata kulia. Kutoka hapo ni kama kilomita 70 za lami hadi Bariadi mjini. Ni nchi tambarare, milima ya mawe hapa na pale, ng'ombe wengi kuliko magari, na mashamba ya pamba mpaka jicho lichoke.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ukikatwa kutoka Shinyanga, na Busega ikaongezwa kutoka upande wa Mwanza. Makao makuu ni Bariadi. Wilaya nyingine ni Itilima, Maswa, Meatu na hiyo Busega. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 1,584,157, na ile ya 2022 ikawakuta 2,140,497. Yaani ndani ya miaka kumi wameongezeka zaidi ya nusu milioni. Asiyekuwa na tumaini hazai hivyo, au siyo?

Ukishuka stendi, salamu ya "mambo vipi" iache ndani ya basi. Hapa ni nchi ya Wanyantuzu, na mtu mzima anasalimiwa. Asubuhi ni "mwangaluka", mchana na jioni ni "mwadila". Mama mmoja muuza michembe nilimwambia "Mwadila mayu", akaacha kupanga mafungu yake, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akaniitikia "Mwadila baba, mhola?" Akauliza nimetoka wapi, wazazi wazima, huko mvua imenyesha? Nikaongezewa fungu moja la bure kabla sijanunua. Jaribu hilo pale Kariakoo uone.

KANISA LISILO GENI

Kuna wajuaji wa mjini wanaodhani Ukristo wa kule umekuja juzi na mikutano ya injili na majenereta. Si kweli. Pale Nassa, kandokando ya ziwa, sehemu ambayo leo ni Busega, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1909 wakaikabidhi misheni hiyo kwa Africa Inland Mission, na ndiyo ikawa kituo chao cha kwanza katika nchi hii. Kutoka hapo ndipo lilipokulia kanisa la AICT, ambalo usukumani utalikuta karibu kila kijiji chenye mti wa kivuli. Wasabato nao walikuwapo tangu enzi za Mjerumani. Wakatoliki waliimarika zaidi na mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani, na Jimbo la Shinyanga likaundwa mwaka 1956. Biblia nzima kwa Kisukuma ilichapwa mwaka 1960, kwa hiyo bibi anayeijua Habari Njema kwa lugha aliyonyonyea si jambo la ajabu.

Pamoja na hayo, wapo wengi ambao bado wanafuata mila za mababu, na wapo wanaopiga kote kote: Jumapili kanisani, Jumatatu kwa mganga. Mkristo wa Bariadi haishi kwenye nyumba ya vioo. Jirani yake anamtazama, na shida ikija jirani anataka kuona huyo Mungu wa Jumapili anafanya kazi gani siku za katikati ya wiki.

MWAKA PAMBA ILIPOKOPWA

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Mkulima anapanda kuanzia Novemba, anapalilia, anapambana na funza wa vitumba, anachuma kuanzia Mei, na baada ya hapo anapeleka kwenye kituo cha kununulia. Hela ya siku hiyo ndiyo bati la nyumba, sare za watoto, mahari ya kijana, dawa ya mzee. Ni mshahara wa mwaka mzima unaolipwa kwa mkupuo mmoja.

Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Chukua mkulima wa kilo 500, huyo anahesabu 600,000. Anapanga, anaota, pengine anakopa dukani kwa kuegemea hizo. Lakini bei ya soko la dunia ilikuwa imeshuka, wanunuzi wakawa hawana mtaji wa kutosha, na pamba nyingi ikachukuliwa kwa karatasi. Mzigo umekwenda, hela haijaja. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi. Viongozi wakubwa wa nchi walifanya vikao juu ya madeni hayo. Na msimu uliofuata, 2020, bei ikaanza kwa shilingi 810. Kilo zilezile 500 zikawa 405,000. Piga hesabu mwenyewe: 195,000 zimepotea njiani na mkulima hajalala hata siku moja zaidi.

Hebu jiweke hapo. Umesali kabla ya kupanda, umeshukuru baada ya kuvuna, umetoa na fungu la kumi la mahindi. Halafu unaambiwa subiri. Huyo ndugu anakwenda kanisani na moyo gani?

Wengine hawakwenda, nisikudanganye. Imani siyo chanjo. Wapo waliokata tamaa, wapo waliouza ng'ombe wa plau kwa bei ya kutupa na kukimbilia mjini kuendesha bodaboda. Lakini Novemba ilipofika, wengi walichukua jembe, wakachukua mbegu, wakarudi shambani. Mtu ambaye hajalipwa ya mwaka jana anazika mbegu ardhini kwa ajili ya mwaka kesho! Msomaji wangu, mimi nimesikia mahubiri mengi ya tumaini, ila sijasikia linaloshinda hilo. Na kwa taarifa yako, mwaka 2022 bei ilianzia 1,560. Aliyekata tamaa moja kwa moja haikumkuta shambani. Siyo kwamba kila anayevumilia hulipwa, la hasha, mwaka uliofuata bei ilishuka tena. Ninachosema ni kwamba aliyepanda angalau alikuwa na kitu cha kupima.

Katika Biblia yupo nabii Habakuki, kitabu chake kifupi sana, hata wahubiri wetu wa mjini wanakiruka. Anaorodhesha hasara moja moja: matunda hakuna, shamba halikutoa, zizi limebaki tupu. Kisha anasema hata hivyo yeye atamfurahia Mungu wake. Mjini tunasoma kama shairi. Bariadi wanasoma kama taarifa ya msimu.

MCHANGA KWENYE PAMBA

Sasa turudi kwenye ule mchanga wa Mto Simiyu. Hapa ndipo penye kasheshe.

Pamba inanunuliwa kwa uzito. Na tangu zamani kuna mchezo mchafu unaojulikana usukumani kote: unaimwagia maji pamba usiku, au unachanganya mchanga, au chumvi, ili mfuko uvute mizani. Kilo kumi tu za mchanga, kwa bei ile ya 1,200, ni shilingi 12,000. Na mchanga wenyewe Mungu kaumwaga bure mto mzima! Hasara yake haionekani siku ileile. Pamba yenye maji inaoza na kubadilika rangi, mchanga unaharibu mashine za kuchambulia, na nyuzi za nchi nzima zinapata sifa mbaya huko zinakouzwa. Mjanja mmoja anakula elfu kumi na mbili, bei ya majirani zake wote inashuka.

Kesi ya mkulima nayo ina utetezi wake. Atakuambia na mizani ya mnunuzi nayo ilikuwa imechezewa. Atakuambia karani alimpunja kilo tatu juzi na saba mwaka jana. "Wao wananiibia kwa chuma, mimi nawaibia kwa mchanga, tumetoshana." Hoja hiyo tamu, tena inafanana kabisa na zetu za mjini. Bosi hatulipi vizuri, kwa hiyo tunachomoa kidogo. Konda haturudishii chenji, kwa hiyo kesho tunashuka bila kulipa. Kila mtu anamdai mwenzake, na kila mtu anajilipa mwenyewe gizani.

Ndiyo maana nasema imani ya Bariadi inapimwa kwenye mizani. Mizani ni habari ya kale sana, manabii wa Agano la Kale waliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakipunguza kipimo na kuongeza bei, na Mithali inasema wazi mizani ya udanganyifu inamchukiza Bwana. Yule mkulima ambaye ana njaa, anadaiwa, alipunjwa mwaka jana, mto uko mita mia kutoka nyumbani kwake, na bado analeta pamba nyeupe na kavu, huyo hana haja ya kushuhudia kwa maneno. Mfuko wake umeshatoa ushuhuda. Na wapo! Hawaandikwi magazetini kwa sababu hakuna habari katika mfuko usio na mchanga.

BIBI MWENYE MACHO MEKUNDU

Kuna jaribu lingine, na hili silichekei. Hali ikiwa ngumu, watu hutafuta wa kumlaumu. Ng'ombe wamekufa, mtoto kaugua, mvua imepita juu bila kushuka. Anakuja mpiga ramli, anakunja kanga mbele ya kibuyu, anasema mbaya wako ni jirani yako, mwanamke mzee, ana macho mekundu.

Macho yale, msomaji wangu, yanawekundishwa na moshi. Miti ikiwa haba watu hupikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na bibi aliyeinamia mafiga miaka hamsini, macho yake yatakuwaje? Lakini kwa sababu ya macho hayo vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga usukumani kwa miongo kadhaa. Kuna miaka ambayo taarifa za watetezi wa haki za binadamu zilihesabu mamia ya waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Ndugu zetu wenye ualbino nao wakaingizwa kwenye biashara hiyohiyo ya waganga wa uongo kuanzia karibu mwaka 2007. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Amri ni jambo jema. Lakini amri hailali mlangoni kwa bibi.

Anayelala mlangoni kwa bibi ni jirani. Hapa ndipo Mkristo anapotakiwa aamue kama anaamini kweli au anaimba tu. Mtoto wako anaumwa, mganga keshataja jina, ndugu wanakutazama, na wewe unasema: hapana, huyu mama hajaniroga, mtoto anakwenda hospitali. Kusema hivyo kwenye kikao cha ukoo kunahitaji kifua kuliko kupiga kelele za kukemea mapepo uwanjani. Unaweza kuonekana msaliti, unaweza kutengwa. Wapo waliosema hivyo, na kuna vikongwe wanaota jua leo asubuhi kwa sababu yao.

MICHEMBE NA NGITILI

Usije ukafikiri kwamba tumaini la kule ni kukaa chini ya mti na kusubiri. Yule mama muuza michembe wa stendi anaweza kukufundisha theolojia nzima kwa kitunga chake. Viazi vitamu vikiwa vingi, unavimenya, unavikata vipande, unavianika juani mpaka vikauke. Hiyo ndiyo michembe. Ukivichemsha kwanza halafu ukavianika, unapata matobolwa. Unaweka ghalani. Njaa ikipiga hodi miezi ya kiangazi inakukuta una cha kuchemsha asubuhi. Michembe inatengenezwa siku za shibe na mtu anayejua kwamba siku nyingine zinakuja.

Na mifugo nayo ina michembe yake. Inaitwa ngitili. Mvua zikianza, Msukuma anafunga kipande cha malisho, hakuna ng'ombe kukanyaga, nyasi zinakua mpaka kiunoni. Kiangazi kikikaza ndipo anafungua. Miti ilipokwisha usukumani kwa kufyekwa na kulishwa kupita kiasi, mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, wakati huo Bariadi na Maswa zikiwa bado Shinyanga. Watu wa mradi walipanda miche, lakini kilicholeta mafanikio makubwa ni kuwarudisha wananchi kwenye ngitili zao za zamani. Mamia ya maelfu ya hekta yakarudia kijani. Hapakuwa na muujiza wa usiku mmoja. Palikuwa na watu waliokubali ng'ombe wao wakonde kidogo leo ili wasife wote kesho.

Linganisha na mwaka 2011, wakati nchi nzima ilipokimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila. Watu walitoka kila upande, kanda ya ziwa ikiwamo, wakakesha porini kwenye foleni za magari. Kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500, nauli ndiyo iliyomaliza mbuzi. Simtukani mzee wa watu, alishafariki mwaka 2021, na waliokwenda walikuwa wanaumwa kweli, hakuna anayecheka maumivu ya mwenzake. Lakini kuna wagonjwa walioacha dawa zao baada ya kunywa, na foleni ile ilitufundisha kitu: shida ikizidi, tunapenda imani inayomaliza kazi kwa mnywo mmoja. Imani ya ngitili haina mvuto huo. Inachosha, na haipigwi picha.

WEWE WA MJINI JE?

Jumapili moja ukiwa Bariadi, baki baada ya ibada. Makanisa mengi ya huko, asiye na fedha hutoa alichonacho: jogoo, debe la mtama, mayai, rundo la viazi. Baadaye vinapigwa mnada hapohapo nje. Utaona jogoo mmoja anauzwa, aliyemnunua anamrudisha kama sadaka, anauzwa tena, watu wanacheka mpaka machozi. Jogoo mmoja anaezeka bati tatu! Na kwaya inaendelea, na ngoma inalia. Humo ndani wamo waliokopwa pamba, wamo waliozika, wamo ambao tembo wa Serengeti waliwamalizia mahindi wiki iliyopita. Hakuna aliyewaahidi kwamba Jumatatu watakuwa mabilionea.

Kwa hiyo wewe mshikaji unayesoma hapa kwenye daladala, vyuma vimekukaza, ajira hujapata mwaka wa tatu huu, sina upako wa kukuuzia. Ninayo maswali matatu niliyoyaokota usukumani, uyajibu mwenyewe kabla hujashuka kituoni. Ule mfuko unaoupeleka kazini au dukani kila siku, umeweka mchanga? Yule unayemlaumu kwa mikosi yako, una uhakika au ni macho mekundu tu? Na siku ile ulipopata vijisenti, ulianika hata kipande kimoja cha michembe?

Ukiona majibu yanakuaibisha, usikate tamaa. Novemba haiko mbali, na mbegu bado zinauzwa.